Kabla ya Kumtupa Panya wa Maabara, Tuzijue Kwanza Tezi Zake za Mate

Tangu FDA, mamlaka inayosimamia dawa Marekani, itangaze Aprili 2025 kwamba inaanza kuachana taratibu na sharti la kupima dawa kwa wanyama, ikianzia na dawa za kingamwili zinazotengenezwa maabara, mitandaoni kumekuwa na kelele za pande mbili na mimi naona zote zimekosea shabaha. Kuna wanaoshangilia, wanasema hatimaye wenyewe wamekubali kwamba panya sio mtu, miaka yote tulikuwa tunadanganywa. Kuna wanaoogopa, wanasema sasa basi dawa zitaanza kujaribiwa kwetu sisi moja kwa moja. Mimi nasema swali lenyewe la "panya anafanana na mtu au hafanani" limeulizwa vibaya, maana panya hafanani na mtu kwa ujumla na wala hatofautiani naye kwa ujumla, tezi hii inafanana, tezi ile iliyo pembeni yake haifanani, na hata ndani ya tezi moja kuna mrija tunao wote na mwingine ambao sisi hatuna kabisa. Anayeweza kukuonyesha wapi ni wapi ni mtu anayemjua panya mzima, yule ambaye hajapewa dawa wala hana ugonjwa, na elimu hiyo ndo pande zote mbili zinaipita kama haipo. Nitatumia tezi za mate za panya kuonyesha ninachomaanisha, kwa sababu ni kitu kidogo ambacho watu wengi hawajawahi kukifikiria na bado kina kila kitu tunachohitaji kwa mjadala huu.

Kwanza tuweke sawa kilichotokea. Sharti la kupima kwa wanyama Marekani lina mizizi kwenye sheria ya 1938, iliyopitishwa baada ya dawa ya maji ya sulfanilamidi kuua watu zaidi ya 100 mwaka 1937 kwa sababu waliitengeneza kwa kimiminika chenye sumu na hakuna aliyeipima usalama kabla haijaingia sokoni. Desemba 2022 Rais Biden alisaini sheria iliyoondoa ulazima wa wanyama, yaani kampuni ikiwa na njia nyingine inayoaminika, kama seli za binadamu kwenye chipu (kifaa kidogo kinachoiga kiungo) au hesabu za kompyuta, inaruhusiwa kuitumia. Tangazo la 2025 ni mwendelezo wa hapo. Kwa hiyo wanaosambaza kwamba panya wamepigwa marufuku wasome tena, kilichoondoka ni ulazima. Na jambo jingine la lugha ambalo linatuchanganya sisi waswahili: tunasema "panya" kwa wote, wakati maabara zina panya mkubwa, huyu mweupe wa ukoo wa Wistar au Sprague Dawley, na panya mdogo ambaye ni spishi nyingine kabisa, hivyo habari ikitafsiriwa msomaji hajui ni yupi kafanyiwa nini. Hapa nikisema panya namaanisha yule mkubwa, yule mdogo nitamtaja kwa jina lake.

Sasa twende kwenye shingo ya panya. Ana jozi tatu kubwa za tezi za mate kama sisi: parotidi, tezi ya chini ya taya na tezi ya chini ya ulimi, ukiacha vitezi vidogo vidogo vilivyotawanyika kwenye ulimi, kaakaa na mashavu. Ukisoma mpaka hapo utasema basi ni mtu mdogo mwenye mkia. Ila ukimfungua mambo yanabadilika. Parotidi ya mtu imekaa mahali pake mbele ya sikio, ya panya imesambaa, imegawanyika vipande vipande, inaanzia chini ya sikio inashuka shingoni mpaka karibu na mtulinga, halafu imejichanganya na mafuta kiasi kwamba mgeni haoni tezi inaanzia wapi na mafuta yanaishia wapi. Na pale pale chini ya sikio, kwa mbele, kuna tezi nyingine bapa ambayo haina uhusiano wowote na mate, ni tezi ya machozi ya panya iliyo nje ya tundu la jicho na inatuma machozi kwa mrija mpaka kwenye jicho. Mimi mwenyewe nilipofundishwa kupasua nilikata kipande kizuri cha chini ya sikio, nikakitia kwenye fomalini, nikaandika parotidi kwa uhakika kabisa, na slaidi ilipotoka mwalimu akaweka jicho kwenye hadubini akaniambia hii ni tezi ya machozi. Zote mbili zinaundwa na vishada vya seli za majimaji, yaani zinazotoa maji mepesi, ukizitazama haraka zinafanana. Nimekumbuka hilo kila niliposoma ripoti inayosema "parotidi ilionekana hivi" bila kusema ilikatwa kutoka wapi.

Ila ukishaipata parotidi yenyewe, hiyo ndo tezi ambayo panya na mtu wanakaribiana sana. Vishada vyake karibu vyote ni vya majimaji, seli zina umbo la piramidi, kiini kipo chini na juu zimejaa chembechembe za protini, amilesi ikiwemo, kile kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga mdomoni. Kutoka kwenye kishada mate yanaingia mrija mwembamba, halafu mrija wenye mistari ambao seli zake zinanyonya chumvi na kuyafanya mate kuwa mepesi, halafu mirija mikubwa ya kutolea. Ukinionyesha dawa iliyoharibu vishada vya parotidi ya panya mimi nitaogopa kuinywa, sababu ninayo ya kimaumbile.

Tezi ya chini ya taya sasa, hiyo ndo imewapoteza wengi. Kwa panya ni kubwa, ya mviringo, ya kulia na ya kushoto zinagusana katikati ya shingo na kushuka mpaka karibu na kifua. Kwa juu na pembeni imebeba tezi ya chini ya ulimi, ndogo, rangi imekolea zaidi, zimefungwa pamoja kwenye ganda moja, ukiwa na haraka unapima uzito wa mbili ukidhani umepima moja, na ukizidisha haraka unapima na vifundo vya limfu vilivyokaa hapo kwa mbele. Ile ndogo imejaa seli za ute mzito zilizovalishwa vikofia vya seli za majimaji. Ile kubwa vishada vyake ni vya katikati, sio maji matupu na sio ute mzito. Lakini kitu muhimu kuliko vyote kipo kwenye mirija. Katikati ya mrija mwembamba na mrija wenye mistari panya ana kipande cha ziada, mirija iliyojikunja yenye seli ndefu, viini viko chini na juu zimejaa chembechembe zinazowaka rangi ya waridi kali ukizipaka eosini, rangi ya maabara. Mtu hana kipande hiki. Na kwa panya wenyewe hakipo wakati wa kuzaliwa, kinajitokeza wiki kadhaa baadaye kuelekea balehe, dume anakuwa nacho kingi kuliko jike kwa sababu kinafuata homoni za kiume, ukimhasi dume kinasinyaa. Kwa panya mdogo tofauti ya dume na jike ni kubwa zaidi, slaidi tu inakwambia huyu dume huyu jike.

Fikiria maana yake kwa mtu anayesoma matokeo. Umempa panya dume dawa kwa siku 90, umekuta ile mirija imepungua, utaandika dawa ni sumu kwa tezi za mate? Inawezekana dawa haijagusa tezi kabisa, imegusa korodani, testosteroni imeshuka na mirija imefuata. Au haijagusa hata korodani, imemfanya panya akose raha, asile, adhoofike, homoni zikashuka zenyewe. Tezi imekupa habari ya kweli ila habari hiyo haihusu mate, na kwa mtu ambaye hana mirija hiyo hakuna cha kusinyaa. Asiyejua umbo la kawaida atatangaza hatari ambayo kwa binadamu haipo, na mwingine asiyejua vile vile atasema aah hiyo ni ya panya tu, aiache, kumbe alipaswa kwenda kukagua korodani.

Hapa nitajibiwa kwamba ndo maana kuna kundi la kulinganishia, panya ambao hawajapewa dawa, kwa hiyo hakuna haja ya kuijua kawaida, kawaida ipo pale kwenye kizimba cha pili. Hii hoja naisikia mpaka kwa watu wenye shahada na naiona ndo dhaifu kuliko zote. Parotidi ya panya inaishi kwa kutafuna. Inajulikana tangu miaka ya 1960 kwamba panya akilishwa chakula cha maji badala ya vile vidonge vigumu vya chakula parotidi yake inasinyaa, kwa sababu kazi ya kutafuna imeondoka. Sasa kundi lako la dawa limepoteza hamu ya kula, kundi la kulinganishia linakula kama kawaida, kwa vyovyote parotidi zitatofautiana na hesabu zako zitakuonyesha tofauti ya maana kabisa, na tofauti hiyo imetoka kwenye chakula. Au umewaua wa kundi moja asubuhi kabla ya kula na wengine baada ya kula, seli za waliokula zimemwaga chembechembe zake na za wenye njaa zimejaa tele, unaandika dawa imezuia utoaji wa protini. Au dawa ni ya familia ya isoproterenoli, inayofanya kazi kama adrenalini, ambayo mtafiti Hans Selye na wenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba ukiirudia rudia tezi za mate za panya zinavimba kupita kiasi, kwa sababu seli zinaamrishwa kupitia njia ya neva kufanya kazi bila kupumzika. Kundi la kulinganishia linakwambia kuna tofauti. Tofauti ni ya nini, hapo unabaki na jicho lako na unachojua kuhusu tezi.

Tena kuna kirusi. Panya wa maabara wana kirusi chao cha familia ya korona, ugonjwa wake ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1961, shingo inavimba utadhani ana matumbwitumbwi na macho yanatoa kitu chekundu kama damu, kumbe ni rangi inayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho. Kirusi hiki kinashambulia parotidi na tezi ya chini ya taya, kinapiga na tezi za machozi, halafu ile ya chini ya ulimi yenye ute kinaiacha. Mtu anayejua maumbile ya tezi zote tatu akiona mbili zimeshambuliwa na ya tatu imesalimika atauliza kwanza usafi wa vizimba kabla ya kuilaumu dawa. Asiyejua atakuwa amekata moja tu, na moja haimwambii kitu.

Sasa wanaotaka panya waondoke wana hoja nzito pia na sitaki kuipita. Mwaka 2006 London, watu sita wa kujitolea walipewa kingamwili iliyoitwa TGN1412, nyani walikuwa wameivumilia vizuri kwa dozi kubwa zaidi, na watu wale ndani ya saa chache viungo vyao vikaanza kufeli wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Huwezi kumtazama mtu usoni ukamwambia wanyama wanatulinda ukaishia hapo. Lakini angalieni maelezo yaliyokuja baadaye: kundi fulani la seli za kinga zenye kumbukumbu, kwa binadamu lina kile kipokezi (sehemu ya seli ambayo dawa inajishika) ambacho dawa ilikuwa inakilenga, kwa nyani wale waliotumika seli hizo hazina. Yaani ni kitu cha maumbile ya kawaida, kilikuwa kinaonekana kama mtu angekitafuta kwa nyani mzima kabla ya sindano ya kwanza. Mimi tukio lile linanisukuma zaidi upande wangu. Nyani alisema ukweli kuhusu nyani, waliomsoma ndo hawakujua ukurasa ule kwake ni mtupu.

Na kufanana kwa matokeo nako sio ushahidi kwamba njia ni moja. Panya hatoki jasho mwilini kama sisi na hahemi kama mbwa, joto likizidi anajipaka mate kwenye manyoya, yakikauka yanampoza, na mate hayo kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye hii tezi ya chini ya taya. Mpe atropini, dawa inayokausha mate, umweke kwenye joto, mwili wake utapanda moto. Mpe mtu atropini nyingi juani naye atapanda moto. Ukiweka namba mbili kwenye jedwali utasema safi sana, panya ametabiri. Kumbe kwa mtu umefunga jasho na kwa panya umefunga mate. Ukija na dawa nyingine inayokausha mate bila kugusa jasho, panya ataungua na mtu atabaki na kinywa kikavu tu, na hapo utashangaa panya "amekudanganya" wakati alikuwa anafanya kitu kile kile alichofanya mara ya kwanza.

Kuna hoja moja inanikera kidogo, ile ya kwamba kama kiungo cha mnyama hakipo kwa mtu basi kukichunguza ni kupoteza pesa. Miaka ya 1950 huko St. Louis, Marekani, wanasayansi Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walikuwa wanafuatilia kitu kinachofanya neva ziote, wakakipata kwa wingi kwenye sumu ya nyoka na baadaye kwenye tezi ya chini ya taya ya panya mdogo dume, kwenye ile mirija yenye chembechembe ambayo binadamu hana. Cohen alipowachoma watoto wa panya majimaji ya tezi ile akaona kitu ambacho hakukitegemea, macho yao yanafunguka siku nyingi kabla ya wakati na meno yanawahi kuota. Angeweza kusema ni uchafu wa maabara aendelee na neva zake. Alifuatilia, mwaka 1962 akachapisha protini ambayo leo tunaijua kama kichocheo cha ukuaji wa seli za ngozi, EGF, na mwaka 1986 yeye na Levi-Montalcini wakapewa Nobel. Protini hiyo binadamu anayo, kipokezi chake tunacho, na kipokezi hicho kikizidiwa kinachangia saratani. Cetuximab, dawa inayopewa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na ya kichwa na shingo, inakaa juu ya kipokezi hicho na kukiziba. Na cetuximab ni kingamwili ya maabara, ni ile ile familia ya dawa ambayo FDA imesema ianze kupimwa bila wanyama. Msingi wake ulitoka kwenye mrija wa tezi ya mate ambao haupo kwetu, na ulipatikana kwa sababu tofauti yenyewe ilichukuliwa kuwa kitu cha kusoma.

Kwa hiyo mimi sina shida na panya kupungua maabara, natamani wapungue, aliyewahi kumshika panya mkononi akimngoja atulie anajua nasema nini. Wasiwasi wangu ni kuhusu tunachobeba kwenda huko mbele. Hizi chipu na programu za kompyuta hazianzi hewani. Ili mtu aziamini zinalinganishwa na rekodi za zamani, na sehemu kubwa ya rekodi za usalama wa dawa ni za panya. Kama kwenye rekodi kuna slaidi ya tezi ya machozi iliyoandikwa parotidi, au parotidi iliyosinyaa kwa njaa ikaandikwa imeharibiwa na dawa, kompyuta itajifunza kosa hilo na kulirudia kwa kasi ambayo hakuna mtu atalikamata. Na siku seli za mate za binadamu kwenye chipu zikisema dawa hii haina tatizo wakati rekodi za panya zinasema mirija ilipungua, atahitajika mtu wa kusema hizi mbili hazipingani, mirija ile binadamu hana. Mtu huyo anatengenezwa kwa miaka ya kukaa kwenye hadubini, na vijana wakiambiwa panya amepitwa na wakati hakuna atakayekwenda kukaa hapo.

Huku kwetu jambo hili linatugusa kwa namna nyingine. Vyuo vyetu havihami kwenda kwenye chipu kesho, chipu ni ghali, kazi nyingi za kupima usalama wa dawa za mitishamba bado zinafanyika kwa panya wa Wistar na zitaendelea hivyo kwa muda. Mwanafunzi anapewa panya, anampa mmea, anakata ini na figo, anaandika. Tezi za mate mara nyingi hazikatwi, na zikikatwa hazielezwi. Wakati mitishamba mingi inaingia kwa mdomo, mingine ni michungu inayomfanya panya agome kula, mingine inacheza na homoni, yaani ni vitu vile vile ambavyo tezi hizi zingevionyesha mapema kama kungekuwa na wa kuzisoma. Nikipewa kazi kama hiyo kuikagua nauliza panya walikuwa dume au jike, wana wiki ngapi, walikuwa wanakula kiasi gani, waliuawa saa ngapi na wakiwa wamekula au la, tezi ilikatwa sehemu gani, ile ya chini ya ulimi ilitenganishwa au ilipimwa pamoja. Majibu mengi huwa hayapo, na sio kwamba mwanafunzi ni mvivu, hakuna aliyemwambia kwamba vitu hivyo vinabadilisha tezi.

Halafu yale masanduku ya slaidi. Kila mwaka panya wa kundi la kulinganishia wanauawa, tezi zao zinakatwa vizuri, zinapakwa rangi, mwanafunzi anahitimu na slaidi zinakaa kabatini mpaka vumbi lizimalize au mtu azitupe apate nafasi. Panya wale hawakupewa kitu chochote, ndo picha ya kawaida yenyewe. Kuziandikia umri, jinsia, ukoo na saa ya kuuawa, kuzipiga picha na kuziweka mahali ambapo chuo kingine kinaweza kuziomba hakuhitaji mashine mpya, na mwalimu wa mwaka unaofuata anayetaka kuonyesha darasa mirija ya dume na ya jike inavyotofautiana hatalazimika kuua panya wengine wawili kwa ajili hiyo.